Usizime Kompyuta

Ilianza saa nne usiku, mvua ikipiga bati la jirani,
kiduara kikizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala,
na chini yake maneno: Usizime kompyuta yako.
Nani angeizima? Nilikaa na chai yangu,
mkono mmoja pajani, kama niko zamu wodini.
Asilimia kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na nne.
Vakhtang, mjukuu wangu, akapiga simu kutoka Tbilisi:
"Bibi, nenda kalale. Haizai hiyo."
Nikamjibu, kinachokesha nacho kina haki ya kukeshewa.

Asubuhi Kutaisi ilikuwa ileile,
mto Rioni na rangi yake ya maji ya kuoshea mchele,
Tsiala wa mikate akigombana na mizani yake.
Mezani kwangu tu ndiko watu walikohama.

Kimya, kwanza. Ile feni iliyokohoa
tangu Zurab aimwagie majivu ya sigara
haikohoi tena. Nikaweka kiganja ubavuni mwake
nione kama bado inapumua.

Pembe zote zimenyolewa. Kila dirisha
lina mabega ya sabuni iliyotumika wiki mbili.
Kitufe cha kuanzia kimetoka konani
kimekuja kukaa katikati, kama mgeni
asiyejua kiti cha mwenye nyumba ni kipi.
Mkono wangu bado unakwenda konani.
Miaka kumi na tisa nimewachapia watu tasnifu,
maradhi ya mizabibu, ndoa za wafalme, uimara wa zege,
na mkono hausomi matangazo ya mabadiliko.
Mazoea yana tabu: unayaaga mlangoni,
unayakuta jikoni yanasonga ugali wao.

Picha ya Zurab juu ya ngazi, akichuma tini,
ilikuwa imeondolewa. Mahali pake, ziwa la buluu
ambalo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuoga.
Niliirudisha kabla sijavaa miwani vizuri.
Hilo angalau nilijua linavyofanywa.

Printa nayo? Kifaa hakijulikani.
Hakijulikani! Kimetoa tasnifu mia mbili na kumi na moja.
Nikakipangusa vumbi, nikakinyoosha waya,
kama mama anayempeleka mtoto kwenye usaili.

Halafu kile kisanduku cha kutafutia.
Zamani ulikituma, kikaondoka, kikakawia,
kikarudi mikono mitupu na uso wa kuonewa.
Leo natafuta risiti ya kuni, naandika "ghala",
hata sijamaliza neno, kikanitupia
faili nisiyowahi kuiona. Jina lake: Baadaye.
Ya mwezi Machi. Machi ule.

Miche ya nyanya, arobaini.
Tsiala anatudai lari sita.
Daktari wa moyo, Jumanne (labda).
Mwambie Nestan ufunguo wa ghala
uko ndani ya buti la mvua, la kushoto.

Ghala nililivunja kwa nyundo, baridi iliyopita,
theluji magotini, kuni upande wa pili wa mlango,
nikimlaani yeye na kufuli lake na ukoo wao wote.
Nikashuka ngazi. Buti la kushoto.
Buibui. Jani kavu. Ufunguo.

Saa sita Vakhtang akapiga tena: "Mfumo unauonaje?"
Nikasema mwepesi. Nikasema unang'aa mno,
na saa wameiweka pabaya.
Akasema zipo siku kumi za kujuta;
nikitaka, nitarudishiwa ule wa zamani.
Siku kumi, nikarudia. Si haba.
Nikamwambia aje Jumapili kuitambulisha ile printa,
na apitie dukani aninunulie kufuli.
"La namna gani, bibi?"
Lolote, nikasema. Ufunguo ninao.